Barua ya wazi kwa Jagex: Kura ya wachezaji ilindwe

Kwa Uongozi wa Kampuni ya Jagex, Cambridge, Uingereza, na kwa wote wenye hisa ndani yake.

Tarehe 22 Februari 2013 kampuni hii ilifanya jambo ambalo ni nadra kulisikia katika biashara ya michezo ya mtandaoni: iliwarudishia wachezaji mchezo wao wa zamani kwa sababu waliudai. Karibu kura 450,000 zilipigwa. Nakala ya Agosti 2007 ikatolewa ghalani, na ulimwengu wa Gielinor ukafunguliwa tena na michoro yake ya kingo kali, miti yake inayofanana, na walinzi wake wasiozeeka. Huo ndio Old School RuneScape, unaochezwa hadi leo. Barua hii inahusu ile kura, na mambo madogo madogo ambayo kura ile iliyaokoa.

Msomaji asiyeujua mchezo anahitaji historia fupi. RuneScape ilifunguliwa tarehe 4 Januari 2001, kazi ya kijana wa Kiingereza, Andrew Gower, akisaidiwa na ndugu zake Paul na Ian. Ilichezwa ndani ya kivinjari cha kawaida, bila diski na bila kompyuta ya bei kubwa, na sehemu yake kubwa ilikuwa bure. Kwa hiyo iliingia kwenye kompyuta za shule na maktaba ambako michezo mingine haikuweza kufika. Aliyetaka zaidi alilipa uanachama, uliokuwa dola 5 kwa mwezi ulipoanza 2002. Kufikia 2012 akaunti zilizokuwa zimefunguliwa zilipita milioni 200.

Ni nini kilichowavuta watu hao wote? Jibu lipo katika kazi ambayo wengi huianza siku ya kwanza, ya kumsaidia mpishi wa kasri la Lumbridge. Mpishi kachanganyikiwa: ni siku ya kuzaliwa ya bwana wake, keki haijaokwa, na hana yai, maziwa wala unga. Mchezaji hutafuta ndoo akamkamua ng'ombe. Huingia kwenye banda la kuku akaokota yai. Unga ndio wenye jasho: huvuna ngano shambani, huibeba hadi kwenye kinu cha upepo, hupanda ngazi mpaka ghorofa ya juu, huimimina, huvuta wenzo, kisha huteremka mpaka chini kuukusanya unga kwenye chungu. Hajapigana na mtu yeyote. Lakini anapomkabidhi mpishi vitu vyake vitatu, anakuwa ameshajua njia za kijiji kizima, na ameshaelewa kanuni ya ulimwengu huu: kila kitu kina chanzo, na kila chanzo kina kazi yake.

Kanuni hiyo huendelea mpaka mwisho, na mwisho uko mbali mno. Stadi moja, tuseme uvuvi, hufika kiwango cha 99 kwa pointi 13,034,431. Kamba koche mmoja aliyenaswa kwenye dema humpa mvuvi pointi 90. Anayetaka kufika kwa kamba koche peke yake atawanasa karibu 145,000, na mfuko wake una nafasi 28 tu, dema lenyewe likichukua mojawapo. Anayevulia kisiwani Karamja mara nyingi hulipa nauli ya sarafu 30 na kuvuka kwa meli hadi Port Sarim mfuko unapojaa, ili akahifadhi alichovua. Wachezaji wapya hushtuka wanapoambiwa kwamba kiwango cha 92 ndicho nusu ya safari, kwa kuwa viwango saba vya mwisho vinadai pointi karibu sawa na tisini na viwili vilivyotangulia.

Mtu wa nje atauliza raha iko wapi. Iko gatini. Uvuvi hauhitaji macho muda wote, kwa hiyo wavuvi huongea: mwanafunzi wa Uholanzi na dereva wa Texas, wote wamesimama wanasubiri dema, wanasimuliana habari za mitihani na za wagonjwa nyumbani. Mmoja anapopanda kiwango, fataki hupasuka juu ya kichwa chake, na watu asiowajua humwandikia herufi mbili, gz, za pongezi. Muziki ulioandikwa na Ian Taylor kwa ajili ya bandari ya Port Sarim, unaoitwa Sea Shanty 2, ulikuja kupendwa hata na watu ambao hawajawahi kuucheza mchezo. Hizi ni raha ndogo. Wachezaji wazima wenye kazi na watoto hurudi kuzitafuta jioni kwa sababu ni ndogo, na kwa sababu hakuna aliyewahi kuuziwa.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii, na inaanzia angani. Moyo wa mchezo hupiga pigo moja kila baada ya sekunde 0.6, na kila hatua, kila pigo la shoka na kila bilauri ya dawa husubiri pigo hilo. Kabla ya Julai 2009, kebo ya SEACOM ilipotia nanga Mombasa na Dar es Salaam, intaneti ya ukanda huu ilitegemea setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, na ujumbe wa kwenda na kurudi ulitumia zaidi ya nusu sekunde. Kwa maneno mengine, aliyeketi kwenye kafe ya intaneti upande huu alikuwa nyuma ya wenzake wa Ulaya kwa karibu pigo zima. Kupigana kulimshinda. Kukata miti, kuvua na kupika kulimkubali, maana mti hausogei. Mchezo wa polepole ulimpa nafasi mtu mwenye mtandao wa polepole, na hilo ni jambo la heshima ambalo huenda waliouunda hawakulipanga.

Tarehe 30 Oktoba 2018 Old School RuneScape ilipoingia kwenye simu, mlango ulipanuka zaidi. Ni akaunti ileile na ulimwengu uleule, mtu akiwa kwenye kompyuta au kwenye simu ya Android. Katika nchi ambako simu ndiyo kompyuta ya watu wengi, hatua hiyo ilikuwa na maana kuliko mapambo yoyote ya michoro.

Sasa kero, na si haba.

Ya kwanza ni utapeli, nao una umri wa mchezo wenyewe. Mgeni humfuata mchezaji mchanga akamwambia atamtilia nakshi za dhahabu kwenye vazi lake la vita bila malipo. Mtoto hulitoa vazi, mgeni hutoweka. Mwingine hutangaza kwamba ataongeza maradufu fedha yoyote atakayopewa; hurudisha kweli mara mbili kwa kiasi kidogo, kisha hukimbia na kikubwa. Mtanzania aliyewahi kupokea ujumbe wa simu unaosema ile hela itume kwenye namba hii anaijua familia ya utapeli huo. Wengi waliofundishwa na Gielinor kutomwamini mgeni mkarimu walifundishwa wakiwa na miaka kumi, na wapo wanaoshukuru kwamba somo hilo liliwagharimu chuma cha kubuni na si mshahara.

Utapeli wa nje mchezaji anaweza kujilinda nao. Wa ndani hawezi, nao ndio kero ya pili. Septemba 2018 kampuni ilikiri kwamba imemfukuza mfanyakazi wake aliyetumia vibaya mamlaka yake, na mali na sarafu zilizochukuliwa kutoka kwenye akaunti za wachezaji zikawa zinarudishwa. Kumfukuza kulikuwa sahihi na kukiri hadharani kulikuwa sahihi zaidi. Lakini tangu hapo malalamiko hayajakoma kutoka kwa watu wanaopoteza akaunti za miaka kumi au zaidi na kujibiwa kwa maandishi yaliyoandaliwa kabla. Hakuna namba ya simu ya kupiga. Mtu aliyeibiwa kazi ya miaka yake anahitaji mtu amsomee, aelewe, amjibu.

Ya tatu ni roboti, na hapa uongozi unaombwa usome taratibu, kwa kuwa jambo lina pande zaidi ya moja. Programu zinazocheza badala ya binadamu huvua, hukata miti na kuua majoka usiku na mchana, na dhahabu yake huuzwa kwa dola kinyume cha sheria za mchezo. Zinashusha bei ya kila kitu ambacho mchezaji wa kweli amekihangaikia. Lakini miaka ya 2017 hadi 2019, mfumuko wa bei ulipokuwa unazimaliza akiba za watu Venezuela, walioonekana wakiua majoka ya kijani kwenye nyika ya Wilderness hawakuwa roboti. Walikuwa binadamu wanaouza dhahabu ya mchezo ili wanunue chakula. Wachezaji wengine waliandika mwongozo wa namna ya kuwawinda, kwa lugha ya dhihaka dhidi ya taifa lao. Sheria inayokataza kuuza dhahabu ni sheria nzuri, na mwandishi wa barua hii anaiunga mkono. Ila kampuni yenye uwezo wa kuona kila bonyezo la kila mchezaji inaweza kutofautisha kati ya kiwanda cha programu na baba mwenye watoto, na inaweza kuanza na kiwanda.

Namna kampuni ilivyopambana na wauza dhahabu zamani inafaa ikumbukwe, kwa sababu ni somo la gharama. Wauzaji walikuwa wanalipia uanachama kwa kadi za benki zilizoibiwa, na hasara ikairudia Jagex. Desemba 2007 mapigano huru kwenye Wilderness yaliondolewa, na mwanzoni mwa 2008 biashara huru ikafungwa: hakuna aliyeweza kumpa mwenzake kitu chenye thamani kubwa sana kuliko anachopokea. Wauzaji walibanwa. Lakini pamoja nao alibanwa dada aliyetaka kumpa mdogo wake upanga wake wa zamani, na rafiki aliyetaka kuandaa sherehe na kurusha vitu chini watu wagombanie. Ukarimu wenyewe ulipigwa marufuku. Wachezaji waliandamana ndani ya mchezo, wakajaza viwanja kwa maelfu, na wengi wakaondoka. Ilichukua miaka mitatu. Tarehe 1 Februari 2011 vyote viwili vilirudishwa, baada ya kura iliyopigwa na zaidi ya watu milioni moja.

Mwaka uliofuata somo likasahaulika. Novemba 2012 mfumo mzima wa kupigana ulibadilishwa kwa mpigo mmoja, na watu waliokuwa na ustadi wa miaka kumi wakajikuta hawaujui mchezo wao. Wengi waliondoka mara ya pili. Hapo ndipo ikaja kura ya Februari 2013 iliyotajwa mwanzoni, na pamoja nayo ahadi: katika Old School RuneScape, jambo jipya la uzito haliingizwi mpaka wachezaji walikubali kwa kura. Kizingiti kilikuwa asilimia 75 ya kura zilizopigwa. 2022 kikashushwa hadi 70.

Mfano wa ubaharia unaonyesha kura hiyo inavyofanya kazi. Stadi ya Sailing, ya kuunda vyombo na kusafiri baharini, ilipelekwa kwa wachezaji 2015 ikakataliwa. Artisan ilikuwa imekataliwa kabla yake, na Warding ikakataliwa 2019. Kampuni haikulazimisha. Mwaka 2023 ilirudi na mawazo matatu, wachezaji wakachagua ubaharia, wakaulizwa tena hatua kwa hatua, na tarehe 19 Novemba 2025 stadi hiyo ikafunguliwa, ya 24 na ya kwanza kuongezwa tangu Old School ianze. Toka wazo lilipokataliwa hadi jahazi la kwanza kuondoka gatini ni miaka kumi. Waliosubiri walipata kitu kilichopikwa kikaiva, na waliokuwa wamepinga walijua kwamba walisikilizwa kabla ya kushindwa. Ni vyama vichache vya watu wazima, achilia mbali kampuni za michezo, vinavyoendesha mambo yake kwa subira hiyo.

Kuna nyakati ambazo wachezaji walilazimika kupaza sauti hata pasipo kura. Mei 2018 kampuni ilitishia kuifunga RuneLite, programu huria iliyoandikwa na wapenzi wa mchezo na kutumiwa na umma mkubwa wa wachezaji. Kelele zikapigwa, uamuzi ukabatilishwa. Septemba 2021 mchezaji mmoja aliyekuwa ametumia muda mrefu kuandaa michoro bora zaidi ya mchezo aliambiwa aache, siku chache kabla ya kuitoa. Watu wakakusanyika katikati ya jiji la Falador wakiandika jina la kazi yake. Kampuni ikarudi nyuma kwa mara nyingine, na kazi ile ikatolewa. Ni sifa kwa uongozi kwamba unajua kurudi nyuma. Ingekuwa sifa kubwa zaidi kuuliza kwanza.

Kinachowatia hofu wachezaji sasa ni fedha, na hofu hiyo ina sababu. Katika tawi jingine la mchezo, lile ambalo leo linaitwa RuneScape 3, gurudumu la bahati nasibu liliingizwa 2012. Mtu angeweza kulipa fedha halisi, kuzungusha, na kupata pointi za stadi ambazo jirani yake alizihangaikia majuma. Tangu siku hiyo kiwango cha 99 hakikuwa tena na maana moja kwa kila mtu, na pongezi zilizoandikwa gatini zikapungua uzito. Kufikia Novemba 2025 kampuni yenyewe iliwauliza wachezaji wa tawi hilo kama mrithi wa gurudumu lile aondolewe, ikitaka kura 100,000. Zilipatikana. Miaka kumi na mitatu ni muda mrefu wa kugundua jambo ambalo wachezaji walilisema wiki ya kwanza.

Old School ilikwepa gurudumu. Tangu 2015, hata hivyo, ina Bond, hati inayonunuliwa kwa fedha halisi na kuuzwa ndani ya mchezo kwa dhahabu. Kwa haki, Bond ina sura mbili. Kijana asiye na kadi ya benki anaweza kuchuma dhahabu, kununua hati, na kupata uanachama wa siku 14 bila kutoa shilingi. Kwa wengi wa Afrika na Amerika Kusini hiyo ndiyo njia pekee. Lakini mwenye fedha naye hununua dhahabu kwa njia hiyohiyo. Huu ndio mpaka wa mwisho ambao wachezaji wengi wako tayari kuuvumilia.

Wakati huohuo umiliki umebadilika mara nyingi mno. Mwaka 2016 Jagex ilinunuliwa na kampuni ya China. 2020 ikahamia kwa mmiliki mwingine. Januari 2021 ikachukuliwa na Carlyle ya Marekani. Na 2024 ikauzwa tena kwa kampuni ya CVC, bei iliyoripotiwa ikiwa pauni milioni 900. Kila mnunuzi anataka kurudisha fedha zake, na anayezirudisha ni mchezaji. Ada ya mwezi ambayo ilikuwa dola 5 ilifikia dola 13.99 mwaka 2024. Kisha Januari 2025 likaja dodoso lililouliza wachezaji wangeonaje vifurushi vipya vya uanachama, vingine ghali zaidi, vingine vikiwa na matangazo ndani ya mchezo. Watu wakaanza kufuta uanachama wao mara moja. Kampuni ikaomba radhi hadharani.

Radhi ilipokewa. Haitoshi, kwa sababu radhi ni ya mtu aliyeko ofisini leo, na mmiliki wa kesho hajaapa chochote.

Kwa hiyo wachezaji wanaomba mambo matatu.

La kwanza na kubwa: ahadi ya kura iandikwe kwenye masharti ya uanachama, mahali ambapo ina nguvu ya mkataba, na ihusishe kila kitu kinachouzwa kwa fedha halisi na kugusa maendeleo ya mchezaji, pamoja na matangazo ya aina yoyote ndani ya ulimwengu wa mchezo. Kama wachezaji wanaaminiwa kuamua juu ya upanga mpya, waaminiwe kuamua juu ya kitu kinachoweza kuufanya upanga wao usiwe na maana. La pili: sehemu ya ada iliyoongezwa ionekane ikilipa watu wa kusoma malalamiko ya akaunti zilizodukuliwa, na kampuni itangaze kila robo mwaka ni mangapi yamepokewa na mangapi yamemalizwa na binadamu. La tatu: bei ya uanachama izingatie nchi anayoishi mtu, kama inavyofanyika kwa bidhaa nyingi za kidijitali, ili dola 13.99 zisiwe bili ndogo Boston na chakula cha wiki Kisumu au Maracaibo.

Uongozi unaombwa ujibu kwa maandishi kabla ya ada kupandishwa tena. Nao wachezaji wanaosoma barua hii wasiache kupiga kura, hata kwenye maswali yanayoonekana madogo. Vibanda vya kura vimo ndani ya mchezo wenyewe, na kila kura inayoachwa bila kupigwa ni hoja mkononi mwa atakayetaka kuviondoa.